Usinisomee, Niambie

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza ukali, na hujapata mume mwingine wa kunipindua. Mimi mumeo sijambo. Nakula vizuri, na jana nimelala usingizi wa pono.

Nimefaulu, Bibi. Si hesabu, hizo hazijawahi kunisumbua. Ni lile somo la kuandika na kujieleza, ambalo nililidharau nikalifeli mwaka jana. Ningelifeli tena, shahada ya uhandisi ningeiona kwa wenzangu tu.

Mwalimu wetu ni mama mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Ripoti yangu ya ukuta wa kuzuia udongo aliirudisha akisema nimeiandika ili watu waniogope, si wanielewe. Kisha akatutangazia mtihani: kila mmoja ampigie simu mtu asiye mhandisi, amweleze kazi yake, na mtu huyo arudie alichoelewa. Akikwama yeye, umefeli wewe. Tulilalamika kwamba huo ni uonevu. Akatujibu kwamba ukuta ukianguka hauwaangukii wahandisi peke yao.

Sasa niungame. Siku ile nilipokupigia, simu ilikuwa mezani kwa mwalimu, imewekwa spika, darasa zima linasikiliza. Hatukuruhusiwa kumdokezea tunayempigia. Hata ulipouliza kama bado nalala na soksi walisikia, na hawajaacha kunicheka. Nisamehe. Nilipoanza tu kusoma ripoti, ukanikatiza: "Usinisomee. Niambie." Nikaweka karatasi kando, nikakwambia kwamba maji ya mvua hujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma, ndiyo maana tunaacha matundu chini yapate pa kutokea. Kisha ukasema kwamba basi mtu akiyaziba hayo matundu, maji yatakosa njia na ukuta utalala. Wenzangu walijiziba midomo wasishangilie.

Hapo nilikuwa nimeshapita, ila wewe ukaendelea: "Miaka yote hii majirani wakiniuliza mjukuu wangu anasomea nini, nawaambia hata sijui. Leo nina la kuwajibu."

Hakuna aliyecheka darasani. Uliita "haloo, haloo", ukasema mtandao umekatika. Haukukatika, Bibi. Nilikuwa nalia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na hao majirani uwasalimie wa kwanza.

Mjukuu wako na mumeo,
Mhandisi