Bwana Niliyeachiwa na Marehemu Baba

Mshauri mpendwa, nakuandikia wewe, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni binti wa hapa Ngamiani, na baba yangu alipokuwa mahututi alinishika mkono mbele ya nduguye, amu yangu, akasema, "Mwatumu ni wa Miraji, mtoto wa rafiki yangu, akiolewa na mwingine hana radhi yangu," akafa na neno hilo, nami kwa kuogopa radhi nikamkataa Uweso, fundi cherehani niliyempenda, nikaikubali posa ya Miraji, na ndoa ikawekwa mwezi ujao baada ya Maulidi.

Juzi tumekaa uani na mama tunapepeta mchele wa harusi, akaingia Bi Semeni aliyekuwa jirani yetu zamani kule Moa, nikampa shikamoo, akauliza bwana harusi ni nani, na alipoambiwa ni Miraji wa marehemu Mwanamkasi akajishika kichwa. "Yallah! Mnamwoza mtoto kwa nduguye? Si Mwanamkasi aliyemnyonyesha huyu mwezi mzima, mamaake alipokuwa hoi kwa homa, titi hili Miraji, titi lile Mwatumu?" Nilidhani mama atakanusha, kumbe aliinama akasema, "Semeni, ungenyamaza," na hapo ungo ukanitoka mikononi, kwani mama alijua, mshauri, alijua siku zote! Anasema baba na rafikiye walikuwa kazini mkongeni, hawakujua lolote, naye hakuthubutu kumkatalia mtu anayekufa, na sasa amu anasema basi niolewe na Mwinyijuma, mdogo wake Miraji wa tumbo moja, ili wosia utimie, na Miraji mwenyewe hajaambiwa kitu. Nifanyeje?

Mwatumu, Ngamiani

*

Mwatumu mwanangu, nimeisoma barua yako nikasimama, nikakaa, nikaisoma tena. Yarabi! Ndoa hiyo haipo. Uliyenyonya kwa Mwanamkasi ni mtoto wa Mwanamkasi, na watoto wake wote ni ndugu zako, mkubwa na mdogo. Amu yako anakutoa kwa kaka mmoja anakupeleka kwa mwingine!

Marehemu hakujua. Angejua, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuivunja posa, kwa hiyo acha kutishika na radhi. Mamaako namwonea huruma, maana kumbishia mume anayekata roho si jambo jepesi. Lakini kukaa na bintiye kupepeta mchele wa harusi ile na bado akanyamaza, hapo amekosa sana, na mwambie mimi nimesema. Nawe je, jambo kama hili unangoja gazeti?

Mchukue mama na Bi Semeni mwende kwa kadhi, waseme wanayoyajua, na mahari irudishwe. Uweso mwache kwanza. Mambo yakitulia, kama bado anakutaka, na aje apose, na amu akikataa kwa kisingizio cha wosia, kadhi hajahama.

Ila kabla ya yote, Miraji. Asije akayasikia barazani. Mwiteni nyumbani leo, na mamaako ndiye aseme, si wewe. Itakuuma kumwita kaka. Mwite.