Mkaguzi Alipoipiga Kengele

Isiolo

Kwa mke wangu mpenzi, Mama Wakesho,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye jua. U hali gani? Mguu wa mama umepoa? Na Wakesho bado anakataa uji, au njaa imeshamshinda? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na nikimaliza kukueleza utanikasirikia, nayo ni haki yako.

Nilikuambia kwamba mkaguzi wa Wizara angekuja kuamua kama shule yetu iendelee kusajiliwa au ifungwe. Walimu wengine walishaondoka na msafara wa jeshi kwenda Meru. Tumebaki mimi na mwalimu mkuu, Mwalimu Galgalo, Mborana wa Garbatulla. Nikuambie kweli, nilikuwa naomba Mungu tuanguke. Ikifungwa nahamishwa, nami nakuja nyumbani mwezi wa kuvuna mahindi kama nilivyokuahidi. Unanijua, hata mbwa wa kaka yako namzunguka kwa mbali. Huku watu wanauawa barabarani, na mtu akikohoa tu nyuma yangu moyo unaruka.

Mkaguzi alifika amevaa tai. Akakagua madarasa, vyoo, akaonja hata maharagwe ya wanafunzi. Kisha akauliza mbona hajasikia kengele tangu afike. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga. Tangu vita hivi vya shifta vianze hatuipigi kwa ajili ya vipindi, tunapiga makofi mlangoni. Ringi ikilia maana yake ni moja tu: shifta wamekuja na bunduki zao. Mwalimu Galgalo alikuwa jikoni akimtayarishia mgeni chai. Kabla sijafungua mdomo, bwana yule akaokota chuma akaipiga mwenyewe, kwa nguvu zake zote.

Mama Wakesho, shule nzima ililala chini. Hakuna aliyelia wala kuuliza, ndivyo tulivyowafundisha. Mkaguzi akabaki peke yake uani na chuma mkononi, nikamvuta kwa tai yake mpaka sakafuni mwa ofisi. Kutoka mtaa wa Bulla Pesa tulisikia akina mama wakiita watoto na milango ikifungwa. Haukupita muda, malori ya askari waliosikia ringi yakaingia kutoka upande wa Burat.

Walitutoa nje wote. Wanafunzi wakaketishwa vumbini, mikono kichwani, maana kwa askari hao kila Mborana ni shifta. Mwalimu Galgalo akatokea jikoni na birika, akasema, "Salaam aleikum. Mimi ndio mwalimu mkuu." Askari akamtazama usoni, akamwambia, "Wewe pia kaa huko na wenzako." Akakaa na koti lake, birika kando, mikono kichwani mbele ya wanafunzi wake. Niliona aibu sana.

Mkubwa wao akauliza, "Nani anajua hawa watu?"

Mkaguzi akanitazama mimi. Nikasema, "Mimi, afande. Hawa wote ni wetu."

"Wewe mtu wa wapi?"

"Taita."

Akaniamuru nipite kwa kila mmoja nitaje jina lake na la baba yake. Nikikwama kwa mmoja, huyo wangeondoka naye. Nilitaja vizuri mpaka nikafika kwa Guyo, jina la baba yake likanipotea kabisa. Nikataja la baba yangu mimi. "Guyo Mwakio," nikasema. Mborana gani anaitwa Mwakio? Guyo hakupepesa jicho. Askari hakujua tofauti, akaniambia niendelee.

Walipoondoka Mwalimu Galgalo alijikung'uta, akamimina ile chai iliyopoa, akampa mgeni kwanza.

Baadaye mkaguzi akaniita kando. Akauliza, "Nikifunga hapa, hawa vijana wataenda wapi?"

Nikamwambia watapelekwa kwenye vijiji vya seng'enge, walikofungiwa wazazi wao.

"Naweza kuandika iendelee," akasema. "Lakini lazima abaki mtu askari watamsikiliza. Galgalo hawamsikilizi, umeona mwenyewe. Utabaki?"

Nilikuwa na maneno tayari, kwamba nina mke na mtoto. Nilikuwa nimeyapanga tangu tulipoambiwa anakuja. Nikamtazama Galgalo akisuuza vikombe, nikasema nitabaki.

Basi shule imepita. Mahindi mwombe kaka yako akusaidie. Usidhani nimekuwa shujaa, naogopa hata sasa nikiandika. Tangu siku ile wanafunzi wakisikia gari wanakuja kusimama karibu yangu, na mimi sina hata fimbo.

Nisalimie mama, umwambie tu shule imepita, hayo mengine yaache. Msalimie mama mkwe, na shemeji Mghendi mwambie amfunge mbwa wake. Wakesho akiuliza baba anakuja lini, mwambie anakuja, lakini usimtajie mwezi. Nilikutajia wewe.

Ni mimi, anayekupenda na anayeogopa,
Baba Wakesho