Mtungi Ulioacha Kutoa Jasho

Jumatatu, 22 Septemba 2003
Saa nne asubuhi maji tayari vuguvugu. Saa nane ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Nainua ndoo ya chini, namimina kwenye ndoo ya juu, maji yanapita kwenye mabomba niliyopandia saladi, yanarudi chini. Nainua tena. Kutwa nzima. Mizizi imeanza kuwa kahawia, ukiishika inateleza. Mboga hizi hazina udongo wa kujifichia. Maji yakichemka, nazo zinachemka.

Mgongo unauma. Nimelichoka jua la Bariadi.

Jumanne, 23 Septemba
Mdogo wangu Masanja ametuma salamu kutoka Mwanza. Anakuja Jumapili ya tarehe tano na fundi wa kupima. Anataka fremu tatu za maduka hapa uani, apangishe wanunuzi wa pamba. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye ukuta barabarani anautoboa mlango.

Kiwanja aliacha baba, mwenye kauli sasa ni mama. Hakunificha. Mboga zikisimama mpaka siku hiyo, upande huu wa uani ni wangu. Zikifa, zinajengwa fremu. Mimi ni mtoto wa kike niliyeachika, kwenye chama cha ushirika nako wakanipunguza kazi. Sina kingine cha kuonyesha.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimenunua barafu kwenye duka la soda, nikaitumbukiza ndoo ya juu. Imeyeyuka kabla sijamaliza kufuta mikono. Upuuzi mtupu.

Jioni nimekunywa maji kwenye mtungi wa mama. Baridi hadi meno yakashtuka. Mtungi haujui umeme wala gesi. Unatoa jasho tu, jasho linakauka na upepo, maji yanapoa. Nitaviringisha mpira mwembamba ndani ya mtungi, nijaze maji matupu, maji ya mboga yapite ndani ya mpira. Najikasirikia. Miaka yote napita mbele ya mtungi huo.

Wa mama siwezi kuuomba. Alikuja nao alipoolewa. Hata kuusogeza ili ufagie, hataki.

Jumamosi, 27 Septemba
Nimenunua mtungi mpya kwa mfinyanzi wa Ngulyati, nikaufunga kwenye baiskeli kwa kanga mbili na kuusukuma kwa miguu njia nzima. Nimeuweka juu ya mchanga, chini ya kibanda cha nyasi. Alasiri ulikuwa umelowa nje kote, matone yanashuka. Maji yaliyotoka kwenye mpira nimeyakinga na kiganja. Baridi. Nimecheka peke yangu.

Mama alikuwa ananitazama kutoka jikoni, mdomo kaupinda.

Kesho naenda msibani Lagangabilili, nitalala huko. Binti wa jirani atanishikia ndoo.

Jumatatu, 29 Septemba
Nimerudi. Maji moto. Mtungi mkavu kama ukuta. Nimeusogeza penye upepo, nikaongeza nyasi juu ya kibanda. Wapi.

Jumatano, 1 Oktoba
Bomba la kwanza limekufa lote. Nimewatupia kuku, nao wamedonoa bila hamu.

Nimetoa mpira niukague, nikaingiza kichwa mtungini. Harufu ya samli. Chini yake, harufu ya uji.

Nikamuuliza mama. Akajibu kwa fahari kabisa.

"Mtungi wako ulikuwa unavuja, Kabula. Watu wanapita hapa wanaona. Ulipokuwa msibani nilitoa mpira, nikaupikia mtungi uji wa mtama, nikaupaka samli, nikaurudishia mpira wako. Sasa hauvuji."

Ndivyo wanavyofanya na chungu kipya, kila mwanamke huku anajua. Uji unaziba vitundu, samli inamalizia. Chombo kinachovuja uani ni aibu ya mwenye nyumba. Ameniondolea aibu.

"Mayu, umeniua," nikamwambia mama. Kwa sauti ya kusikika barabarani. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Usiku kila mtu kala kwake.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimeusugua kwa mchanga. Kwa majivu. Nimeuchoma kwa moto wa mabua, umepasuka. Mfinyanzi hana mwingine, mpaka achome tena wiki ijayo. Bomba la pili limelala.

Mama haongei nami. Nadhani alifanya makusudi, kwa ajili ya Masanja. Ni jambo baya kuandika. Leo naliamini.

Jumamosi, 4 Oktoba
Asubuhi nimekuta mtungi wa mama haupo mahali pake. Upo kibandani, juu ya mchanga, umelowa nje kote. Mama kakaa kando yake, anahema. Sijui aliubebaje peke yake.

Aliuliza mpira unakaaje. Nikamwonyesha. Tukajaza maji. Saa nane bado baridi. Yeye sasa anakunywa kwenye ndoo ya plastiki, uso kama anayekunywa mwarobaini.

Jumapili, 5 Oktoba
Masanja amekuja baada ya ibada, na fundi na futi kamba. Bomba moja tu lilikuwa hai. Nilisimama mbele ya bomba hilo kama mwizi.

Fundi akavuta kamba, ikagota kwenye mtungi. Ukuta wa fremu ya pili unapita hapo. Akaomba usogezwe. Masanja akanitazama, akautambua mtungi, akarudisha mikono mfukoni. Akauliza nani kauleta huku.

"Mimi," mama akasema. "Na hautoki."

Saladi Masanja hakuzitazama hata mara moja. Wamepima upande wa zizi la zamani. Patatosha fremu moja. Masanja kaondoka bila kula. Imeniuma, ni mdogo wangu.

Jumatatu, 6 Oktoba
Mizizi mipya imetoka, myeupe, mifupi.

Nimemwomba mama radhi. Akasema saladi ni majani ya sungura.

Mchana alinipa kata nimchotee maji, kule kule mtungini, na mpira ukiwa ndani. Akanywa taratibu. Akasema yana ladha ya mpira. Halafu akanirudishia kata nimwongeze.