Ningenunua

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, na ukishazipokea utujulishe hali zenu bila kuficha. Huku sisi tu wazima, isipokuwa goti la kushoto la mama, ambalo kila asubuhi linataka kubembelezwa kabla ya kukubali kusimama. Shemeji anaendeleaje? Watoto je? Yule wa mwisho bado anakataa kuvaa viatu? Mama anauliza hayo kila siku, na nikimwambia nitauliza kwenye barua, ananijibu kwamba barua yenyewe haiandikwi. Basi leo inaandikwa.

Wiki hii nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Mimi, uliyenipa jina la Chiriku kwa sababu sikuwahi kufunga mdomo! Ndiyo maana nimeona niandike, na barua nitampa jirani yetu fundi bomba anayekuja huko Alhamisi, ikufikie kabla ya Jumamosi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umesema ile miwani ya skrini, ya kufunga usoni, bado imejaa rafuni. Watu huingia dukani, wakaivaa, wakamwona nyangumi akiwajia, wakarudi nyuma mpaka wakakanyagana, wakacheka, wakakushukuru na kwenda zao. Umesema kosa ni lako, kwamba mkono uliozoea mkasi haujui kuuza. Tena umesema mzigo wa pili utatoka tu, kwa kuwa utafiti umeonyesha watu saba kati ya kumi watanunua, na ndiyo maana, ili upate fedha za kuulipia, Jumamosi anakuja mtu kununua cherehani ya baba, iliyobaki peke yake kati ya tatu. Nilipomsomea mama mstari huo, alisema hakusikia vizuri. Nilipourudia, alisema goti linamuuma, akaenda kujinyoosha.

Kaka, usiiuze. Nakueleza kwa nini, na naomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka jana nilivyopata kazi ya muda kwenye kampuni hiyo ya miwani. Tulikuwa watafiti wanne, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kila mmoja alipewa mtaa wake, fomu zake na miwani moja ya kuonyeshea. Kazi yangu ilikuwa kubisha hodi, kumvisha mtu miwani, kumwacha amwone nyangumi, kisha kumuuliza kama ikiletwa madukani kwa bei nafuu atanunua. Wiki ya kwanza ilipokwisha, sponji ya miwani ile ilikuwa inanuka mapaji ya uso ya mtaa mzima.

Watu walinipokea vizuri. Mwuza nyama alifuta mikono akasema angenunua, ila akataka kujua mpira utatazamwaje na watu sita kwa miwani moja. Kinyozi alisema angenunua hata mbili, awavishe wateja wasione anavyowanyoa. Wenye miwani ya macho hawakujua waivae hii juu ya ile au wavue wasione kitu. Wanawake waliotoka kusuka nywele waliurudisha mkanda kwa adabu kabla haujafika kichwani. Muuguzi mmoja mstaafu alinipa kiti chake kizuri, akamwangalia nyangumi mpaka mwisho, akavua miwani taratibu na kuniambia, “Ningenunua, mwanangu.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wengi wao walijibu hivyo hivyo. Ningenunua. Wewe na mimi tunalijua neno hilo. Ni neno la mtu asiyetaka kukuvunja moyo mlangoni pake, na lina nusu nyingine ambayo haisemwi: kama ningekuwa na nafasi, kama watoto wasingekuwa shule, kama ningekuwa mtu mwingine. Mama aliwajibu wachuuzi hivyo tangu tukiwa wadogo, na sikumbuki mchuuzi hata mmoja aliyekaa kusubiri.

Sasa, fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu: Nitanunua, Sitanunua, Sijui. Ningenunua haikuwa na kisanduku. Wenzangu waliijaza kwenye Sijui. Msimamizi alikuwa ametudokeza kwamba mtaa utakaoonyesha kuwa soko lipo, mtafiti wake atapewa mkataba wa kudumu, na mimi nilikuwa nimechoka na kazi za miezi mitatu mitatu.

Kaka, mimi niliijaza kwenye Nitanunua. Watu mia moja thelathini na mmoja. Hakuna aliyenilazimisha. Niliketi mezani mchana kweupe, feni ikizunguka, nikaweka tiki moja baada ya nyingine mpaka kalamu ikaishiwa wino, nikaazima nyingine. Waliosema kwa vinywa vyao kwamba watanunua walikuwa kumi na tisa. Kampuni ikauchukua mtaa wangu ikaufanya kipimo cha soko zima. Ile “saba kati ya kumi” iliyoko kwenye bango la dukani kwako, uliyoitia fremu, ni mimi.

Na uliponiuliza, kabla hujauza zile cherehani mbili za kwanza, kama hesabu hizo ni za kuaminika, nilikujibu kwamba wataalamu wamezipitia. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesaini mkataba. Niliogopa kuupoteza, nikakuacha uache ushonaji. Sare za shule za mwaka huu ameshona mtu mwingine, shemeji anapinda suruali za watu kwa sindano ya mkono, na wewe unajilaumu kwamba hujui kuuza. Hukukosea popote. Wanunuzi uliokuwa ukiwasubiri niliwatunga mimi. Naona aibu, kaka, hata kuandika naona aibu.

Juzi nilimweleza msimamizi kila kitu. Alisema mabango yameshachapwa na mzigo umeshapakiwa, akaniomba nifunge mlango nikitoka. Kitambulisho cha kazi nilikiacha mezani kwake.

Mama nimemwambia leo asubuhi, alipokuwa anakunja nguo. Nilimuuliza kama anadhani utanisamehe. Alilikunja shati alilokuwa nalo mpaka likawa dogo kama leso, akasema, “Angekusamehe.” Hakumalizia, nami sikuthubutu kumuuliza nusu iliyobaki.

Nisalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Mama anakusalimu, na anakukumbusha kwamba cherehani ya baba hutiwa mafuta mepesi, si yale mazito. Na wewe kaka, ukinijibu, nakuomba usitumie neno lile. Andika ndiyo, au andika hapana. Lolote utakaloandika, safari hii nitalisoma kama lilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku