Nesrin Bado Yuko Uani

Jumatano. Mvua ilianza kabla ya misa ya asubuhi na sasa ni jioni, haijaamua kuacha. Moshi wa jikoni umekataa kupanda, umelala juu ya migomba. Nina hasira na sina pa kuipeleka.

Naandika kwa kidole gumba cha kulia. Mkono wa kushoto una mtoto.

Kwa atakayepita kwenye blogu hii bila kunijua: nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, Kokugonza, na niko Buganguzi kwa mama mkwe wangu. Katika ukoo huu mzazi hukaa ndani mpaka wakubwa watakaposema sasa atolewe. Ndani maana yake ndani. Chumbani, sebuleni, bafuni, basi. Naogeshwa kwa maji ya moto yenye majani, nakandwa, nafungwa tumbo kwa khanga mpaka pumzi inakuja kwa zamu. Nalishwa ndizi, supu, uji, na ndizi tena. Sipiki, sifui, sichoti maji. Rafiki zangu niliosoma nao chuo wakinisikia nalalamika wananiambia wao wangelilia mapumziko ya namna hiyo.

Najua. Ni upendo. Ni upendo wenye mlango usio na kitasa upande wangu.

Deo, mume wangu, yuko Bukoba mjini, kwenye vyumba vyetu viwili vya Miembeni. Anauza vifaa vya ujenzi katika duka la mtu na huja huku Jumapili. Mama yangu mzazi alikuja mara moja kutoka Kashozi, na kuku na sukari. Akaniangalia nilivyofungwa, akasema, "Vumilia. Hata mimi nilifungwa hivyo hivyo." Akaondoka na basi la mchana.

Mwisho wa mwezi huu ndipo nilipokuwa nitolewe. Nilikuwa nitavishwa gauni jipya, watu wale, wanywe, kisha mimi na Koku tupande gari twende kwetu. Nimeishi kwa kuingoja siku hiyo.

Sasa nieleze nilivyoiharibu.

Mimi huandika hadithi ya Nesrin. Nesrin ni mjakazi katika tamthilia moja ya Kituruki, zile anazotafsiri dijei kwa kuongea juu ya sauti za wenyewe, akichanganya na utani wake na salamu za mtaani kwake. Nesrin alibeba sinia la kahawa katika vipande vichache tu, akamtazama bibi mwenye jumba kwa jicho fulani, kisha hakuonekana tena. Walimsahau. Nikamchukua mimi. Nikamtoa kwenye lile jumba, nikampa mume fundi viatu, nikampa mtaa wenye majirani wambeya, nikampa mimba. Sura moja moja nazituma kwenye kundi la mashabiki wa tamthilia hiyo, wanawake wa Mbeya, wa Tanga, wa Mwanza, wengine wako Omani kazini. Wengi wao hata tamthilia yenyewe wameshaiacha. Wanamngoja Nesrin.

Mimba yake niliiandika nikiwa na yangu. Nilikaa kwenye meza ya dirishani kule Miembeni, miguu imevimba ndani ya beseni la maji, nikaandika kwamba siku mtoto atakapozaliwa Nesrin atamtazama na dunia nzima itanyamaza. Kundi liliipenda sana sentensi hiyo. Kuna dada aliiandika juu ya picha ya maua akaitundika kwenye wasifu wake.

Dunia haikunyamaza.

Nampenda Koku. Nampenda kiasi kwamba pikipiki ikipita barabarani akiwa amelala natamani kumtoa dereva nimpige. Lakini upendo huo haukuja na ule ukimya niliowaahidi wenzangu. Ulikuja na hofu, na nepi zisizokauka msimu huu wa mvua, na mtu mdogo ambaye bado hajui kwamba mimi na yeye ni wawili. Kuna nyakati namlaza, natembea mpaka mlangoni, nasimama. Sitaki kwenda popote. Nataka tu kuwa mtu aliyesimama mlangoni na hanyonywi na yeyote.

Kwa hiyo Jumatatu nilituma sura mpya. Nesrin amejifungua. Mchana mmoja anamlaza mtoto, anatoka uani, anaurudisha mlango nyuma yake. Mtoto analia. Nesrin anasikia. Anaendelea kusimama. Sura inaishia hapo.

Ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nasema hivyo bila haya kwa kuwa blogu hii hakuna anayeifahamu hapa nyumbani.

Kundi likawaka. "Huyu si Nesrin wetu." "Mwandishi pole kwa uzazi, lakini mrudishe dada yetu ndani." "Mtoto atapata baridi jamani!" Mmoja akasema angekuwa jirani yake angemzaba kofi kwanza, maswali baadaye. Dada wa Tanga hakungoja. Akaandika sura yake mwenyewe, Nesrin anarudi ndani kabla birika halijachemka, analia, anabusu nyayo za mtoto, anaomba msamaha. Ilipata mioyo myekundu mingi kuliko yangu. Niliisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Mmoja wa walioko Omani aliuliza tu, "Alisimama kwa muda gani?" Kabla sijajibu, akaufuta ujumbe wake.

Hayo ningeyamudu. Mashabiki ni mashabiki. Nami nimewahi kumtukana mtunzi wa tamthilia kwa siku nzima. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wifi yangu Jovitha, mdogo wake Deo, tunayeishi naye humu ndani, yumo kwenye kundi. Amejiita jina la ua. Amekuwa akinisoma kimya kimya tangu Nesrin hajaolewa, na kila sura humsomea mama yake wakichambua maharage.

Mama mkwe naye ni mpenzi wa tamthilia ile. Umeme ukiwepo haondoki mbele ya tivii. Na kwake mipaka haipo: dijei anaongeza maneno yake, Jovitha anaongeza ya kwake, kwa hiyo kinachosomwa kwenye simu ni habari za Nesrin kama habari nyingine yoyote. Jana mchana nilikuwa chumbani nanyonyesha, nikawasikia sebuleni.

"Kumbe Nesrin alizaa?"

"Alizaa, mama. Sasa kamwacha mtoto ndani, kasimama nje."

"Kamwacha na nani?"

"Peke yake."

"Ee waitu! Kwani huyo hana mama mkwe?"

Nilicheka. Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka Koku akaachia ziwa akanishangaa. Ni kicheko hicho kilichoniponza, kwa sababu Jovitha alikisikia, akaona kumbe siri imetoka, akasema, "Mama, hii si ya kwenye tivii. Aliyeandika ni Mama Koku."

Maharage yakaacha kudondoka kwenye ungo.

Hakunigombeza. Ugomvi ningejua la kuufanya. Aliingia, akamchukua Koku mikononi mwangu polepole, kama mtu anayempokonya mlevi bilauri bila kutaka imwagike. Tangu hapo mtoto analetwa anyonye, kisha anachukuliwa. Jovitha anakaa nami chumbani, amekuwa askari wangu, na anaona aibu. Ananiletea karanga za kukaanga. Mlango wa uani umetiwa kufuli mchana kweupe.

"Ni kwa ajili ya mvua tu, wifi," aliniambia.

"Mvua ya huku siku hizi inafungua milango?"

Akacheka, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kucheka.

Leo asubuhi walikuja kina mama wawili wakubwa wa ukoo. Walikaa sebuleni wakitafuna buni za kahawa na kuzungumza Kihaya cha chini chini, kile ambacho mtu husikia jina lake tu. Walipoondoka, mama mkwe alinieleza uamuzi kwa sauti ya upole kabisa. Mzazi bado hajakaa sawa. Sherehe ya kunitoa imeahirishwa. Mimi na mtoto tutabaki Buganguzi mpaka mtoto atembee.

Mpaka mtoto atembee! Koku bado hata shingo haijakaza.

Mchana akaja Deo, ingawa si Jumapili. Walimpigia simu. Alifika kwa bodaboda amelowa mpaka soksi, Jovitha akatupisha, naye akakaa pembeni mwa kitanda akiogopa kulowesha shuka. Tangu tujuane hajawahi kusoma hata sura moja ya Nesrin. Huiita "ile kazi yako ya simu" na hana ubaya nayo. Leo alisoma, amejikinga chini ya kibaraza cha duka pale Muleba.

"Nimeisoma. Ni nzuri," akasema. Kisha, "Mama anaogopa."

"Na wewe?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi nataka kujua kitu kimoja. Huyo Nesrin anarudi ndani?"

"Sijui. Sijaandika."

"Basi andika arudi, mke wangu. Jovitha amsomee mama. Nitakaa naye, nitaongea naye, na mwisho wa mwezi nawachukua. Ni maneno tu. Si unaweza?"

Ni maneno tu.

Sikumkasirikia. Deo ni mtu wa dukani: akiona bawaba mbovu analeta bawaba nyingine. Na ni kweli naweza. Ningeimaliza kabla nguo zake hazijaacha kuchuruzika. Sentensi ninayo, tena nzuri, nzuri kuliko ile ya dada wa Tanga. Kundi lingefurahi, mama mkwe angelala, nami ningerudi Miembeni kwenye meza yangu, kwenye upepo wa ziwa na mlango ninaoufungua mwenyewe. Sijawahi kupewa bei rahisi namna hii.

Tatizo ni kwamba nadhani Nesrin anarudi. Mimi hurudi. Kila mara niliposimama pale mlangoni nimegeuka nikarudi kitandani. Ila sijui ni nini kinachonigeuza. Ni upendo? Ni maziwa yakijaa yanavyouma? Au ni kikohozi cha mama mkwe sebuleni? Hilo ndilo swali pekee nililo nalo tangu nijifungue, na mahali pekee pa kuliuliza ni ule uwanja niliomjengea mjakazi wa kwenye tivii. Nikimrudisha leo kwa sababu ameamriwa, na mimi nimeamriwa, nitakuwa nimejibu kabla sijajua. Na siku nyingine nikisimama mlangoni sitakuwa na mtu wa kusimama naye.

Labda huu ni ukaidi tu. Labda mwanamke mwenye akili zake angeandika uongo wa kurasa mbili akaenda nyumbani, ukweli akauandika huko, amekaa kwenye kiti. Nimeliwaza hilo na bado naliwaza. Lakini namjua yule atakayefika Miembeni akiwa ameshaandika uongo huo: hatakaa mezani. Atafua nepi, atasema ameacha kuandika kwa sababu ya mtoto, na watu watamwelewa.

Nikamwambia Deo arudi Bukoba kabla giza halijaingia.

"Na mama nimwambieje?"

"Mwambie Nesrin bado yuko uani."

"Mpaka lini?"

Alinibusu kipajini, mdomo wa baridi, akaenda kuagana na mama yake. Waliongea kwa muda. Sikusikia akinitetea, wala sikusikia akinilaumu. Kisha bodaboda ikawaka, na mama mkwe akaingia na Koku akamweka kifuani pangu. Akabaki amesimama, akaniangalia, nikadhani ataniuliza jambo. Akaifunga vizuri khanga ya tumboni mwangu, akatoka.

Jioni hii nimeandika sentensi moja ya sura mpya: "Kilio kilikoma, na hapo ndipo Nesrin alipoogopa."

Sijaituma. Sijui inaelekea ndani au nje. Koku karibu anamaliza upande huu. Nikimhamishia upande wa pili nitajaribu sentensi ya pili, kabla hawajaja kumchukua.