Simiti Niliyoitia Ukutani kwa Bwana Twaha

Alhamisi, mwezi wa Mei. Mvua tangu alfajiri. Nimechoka hivi kwamba hata kuvua viatu nimeona ni kazi.

Leo nimesema. Acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni fundi wa chokaa hapa Amu, kisiwani Lamu, mwaka wa ishirini na sita huu. Bi Zuhura mnamjua, hata kama jina hamlijui. Ndiye yule mke mwenza aliyetia sumu kwenye uji, katika tamthilia ya jioni. Aliigiza Nairobi miaka mingi. Akija nyumbani likizo, wanawake sokoni walikuwa wakimsonya kana kwamba uji ule waliunywa wao. Na mimi nilikuwa nakaa barazani nikisema mtoto huyu ametutia aibu nti nzima. Kisha nakwenda nyumbani mbio nisikose mwanzo wa tamthilia yake.

Unafiki huo Mungu anaujua.

Umri ulipomsogelea wakaanza kumpa vijisehemu vya mama wa bi harusi, maneno matatu na kilio. Ameniambia mwenyewe, ndipo alipoanza kukaa na wale wanaopanga nyumba za kuigizia, akajifunza pazia linakaa wapi na taa wapi. Mama yake alipofariki akarudi, akaitengeneza nyumba ya mama. Mgeni mmoja wa kijiji cha Shela akaiona, akamwita kwake. Tangu hapo hana nafasi. Yeye anapanga nyumba za watu, mimi napiga chokaa, mwaka wa nne sasa.

Bwana Twaha alimpa nyumba ya babu zake aitengeneze kabla ya harusi ya binti yake. Ukumbini mna ukuta wa zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa na mafundi waliokufa zamani. Chini ulikuwa umelika. Bi Zuhura akanikanya: chokaa tupu, irowekwe mpaka ilainike, na simiti isiingie mle hata kiganja kimoja. Kuta za mawe ya matumbawe zinapumua. Ukizipaka simiti, unyevu na chumvi vinakosa ndia ya kutoka.

Hayo mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa akinirudishia maneno yangu.

Akaenda Mombasa kununua vitambaa. Na mimi nilikuwa nimeshika kazi nyingine Shela kwa siri. Chokaa inataka subira, subira sikuwa nayo. Nikatia simiti, juu nikapaka chokaa nyembamba ya kufunika, nikawahi mashua ya Shela.

Mvua zilipoanza ukuta ukavimba kama jipu. Wiki iliyopita ukaporomoka, na safu mbili za zidaka zikaenda nao.

Bwana Twaha akamwita Bi Zuhura, akamkaripia pale mlangoni, majirani wote wanatazama.

"Rudi kwenye televisheni, Bi Zuhura. Huko kuta ni maboksi, hata zikianguka haumii mtu."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, mwiko mkononi. Bi Zuhura akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba. Ikatoka rangi ya kijivu ya simiti. Akanitazama. Mimi nikautazama mwiko.

Hakunitaja. Akaondoka.

Siku nane nikawa naacha chakula sahanini. Wenye nyumba wawili wakamfutia Bi Zuhura kazi. Mke wangu akaniuliza naumwa nini, nikasema mgongo.

Jana nikaenda kwa Bi Zuhura. Nilitaka kumwomba radhi, nimwambie nitazungumza na Bwana Twaha faragha, wanaume wawili, yaishe. Alikuwa anavikunja vile vitambaa vya Mombasa na kuvirudisha mifukoni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi Athmani," akasema, "mimi nimetukanwa mlangoni. Usinisafishe chumbani."

Basi leo baada ya alasiri nikaenda pale pale mlangoni. Watu walikuwa wamejibanza wakingoja mvua ipungue, na Bwana Twaha yuko nao. Nikatoa salamu, nikabaki wima. Nikasema simiti ni yangu na Bi Zuhura alinikataza. Mzee mmoja ambaye hasikii vizuri akauliza simiti gani, ikabidi niyaseme yote upya. Mara ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Bwana Twaha akanigeukia.

"Nyanya yangu alizaliwa chini ya zidaka zile," akasema. "Na wewe ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Shela, nikasema. Mmoja akacheka. Mwingine akasema miaka yote twamwita yule mama muongo kwa sababu ya kazi yake, kumbe mwenye kipaji hicho twaswali naye safu moja.

Bwana Twaha akavaa viatu, akaenda na mvua ile ile kumwomba radhi Bi Zuhura. Kabla ya magharibi akaniletea jibu mwenyewe. Bi Zuhura atarudi, kwa sharti. Chokaa itapigwa na fundi kutoka kisiwa cha Pate. Lakini kwanza simiti iliyobaki itolewe yote, kwa mkono, polepole, zidaka za juu zisitikisike. Atakayeitoa ni mimi, na Bi Zuhura atasimama hapo kutazama.

Kazi ya Shela nimeiacha. Jina langu la ufundi sijui kama litarudi, na pengine si haki lirudi upesi.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa ukumbini na tindo. Salamu nitatoa. Aitikie au asiitikie, nitaanza chini kulia, pale nilipoanza kuharibu.