Mashine Inayokausha Nyumba ya Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na mvua zimerudi hapa Mhezi. Ukungu unapanda kutoka bondeni asubuhi, unakaa uani mpaka mchana, na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Nakuandikia kwa sababu kusema kwa mdomo kunanishinda, hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Unakumbuka nyumba ya zamani, ile ya udongo? Moto haukuzimika mle ndani. Macho yalituwasha na kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, lakini tulilala pakavu. Kisha baba akajenga hii ya matofali, akapiga plasta, akaweka madirisha ya vioo, na jiko likahamia nje. Ulikuwa unapitisha kiganja ukutani kama mtu anayempapasa ndama. Mwaka uliofuata kuta zikaanza kutoa jasho. Kuvu ikaota nyuma ya kabati, kwenye viatu vya baba vya kanisani, kwenye madaftari yangu. Na kifua chako kikaanza kupiga filimbi.

Kaka Mbazi alipokuja kutoka Dar alikusikiliza unavyopumua, akasema, "Mama, nyumba hii inakuua." Yeye ni fundi wa viyoyozi, hewa ndiyo kazi yake. Alirudi na mashine iliyotolewa kwenye ofisi iliyokuwa inabomolewa, tukaipandisha kutoka Same kwenye lori lililokuwa limeshusha tangawizi. Alitoboa dari ya kila chumba, akatandaza mabomba mapana ya hewa kule juu, mimi nikimshikia tochi na kumpa skrubu. Alinieleza kwamba mashine inavuta hewa ya nyumba nzima, inaipoza mpaka maji yadondoke, kisha inairudisha vyumbani ikiwa kavu. Maji yakatolewa kwa bomba jembamba hadi kwenye ndoo, karibu na migomba.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda na chai yako.

"Sasa hiyo inakula nini?"

"Umeme, mama."

"Na inatoa maji kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ni ng'ombe huyo. Atakayechelewa kumkamua asile."

Kaka alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Alipoaga aliacha sharti moja tu: milango na madirisha yafungwe.

Zile wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, mama. Kuvu ilikauka ikawa unga, tukaifagia. Shuka zilikuwa na joto la jua hata siku ambazo jua halikutoka. Ulilala chali usiku kucha, jambo ambalo hukuwa unaliweza tena, na asubuhi ukaimba jikoni.

Halafu masika yakaingia, ukapata homa, na habari zikafika kila nyumba. Huku kwetu nyumba ya mgonjwa haifungwi. Mlango uliofungwa mchana unasema kwamba watu wamesafiri, au kwamba hawataki watu. Kina mama wa kanisani walikuja kwa zamu, masweta yamelowa, miavuli ikidondosha maji sebuleni, na kila aliyeingia aliuacha mlango wazi kwa ajili ya mwenzake anayekuja. Ukungu uliingia pamoja nao ukakaa. Ndoo ilifurika kabla ya mchana. "Leo ng'ombe kazidisha," uliwaambia wageni, na ilibidi ushike ukingo wa kiti ili umalize sentensi.

Kaka alikuwa anapiga simu, nami nakushikia sikioni.

"Mama, ile mashine inakausha nyumba. Haiwezi kukausha mlima. Funga mlango."

"Nikifunga, watanionaje?"

"Watakuona mzima."

"Mbazi, hawa wote walipougua nilikwenda kwao nikakaa. Leo niwaache nje kwenye mvua?"

Swali hilo hata mimi sijalijibu, mpaka leo.

Tulikushusha kwenda hospitali Same kwa gari la kukodi, ukungu umefunga barabara kiasi kwamba mtu alitembea mbele kumwonyesha dereva njia. Ulikuwa umenishika kidole gumba. Hukufika. Tulikuzika kwenye migomba, na kabla watu hawajakusanyika baba aligeuza lile bomba la maji lielekee upande mwingine.

Sisemi wageni walikuua. Walikupenda. Pengine kifua chako kingechoka hata kama nyumba ingekuwa kavu kama kule Kwakoa nyikani. Sitajua kamwe, na kutojua huko ndiko ninakoamka nako.

Sasa ni Nakunda. Mdogo wangu huyo sasa yupo darasa la pili, na mvua hizi zilipoanza nilisikia filimbi ile ile kifuani mwake. Amepewa dawa ya kuvuta, tukaambiwa tumwepushe na unyevu na moshi. Kwa hiyo niliufunga mlango, mashine ikaushe.

Shangazi Nakiete alikuwa bado yupo kwetu, alikuja kutoka Kwakoa baada ya msiba kututunza. Alitoka shambani akaukuta umefungwa.

"Mchana kweupe? Mnachinja nini humo msichotaka watu wanuse?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sijauliza salamu, nimeuliza mlango."

"Ni kwa ajili ya Nakunda."

"Mama yako hakuwahi kumfungia mtu."

"Ndiyo, shangazi."

Nilimpisha apite, nikaufunga tena. Mwisho wa wiki alirudi kwake. Baba sasa wageni wake anawapokea kwenye jiko la nje, wanakaa na makoti yao karibu na moto, hawakawii. Dukani wanasema shule imenipa kiburi. Mimi, mama, niliyekuwa najificha nyuma ya banda wageni wa kanisani wakija. Nyumba imekauka na imenyamaza. Nakunda anapumua vizuri, na hakuna anayekuja kutusimulia habari zako.

Jana rafiki yako Mama Eliya alipiga hodi, mvua ikinyesha. Nilipita mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikasimama naye nje. Alikuwa ameleta ndizi. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha.

"Ndani kuna nini mwanangu, siku hizi hatuingii?"

"Nakunda amelala. Anapumua."

Aliutazama mlango. Nadhani alikuwa anakumbuka kiti alichokuwa anakalia pembeni yako. Kisha akaziweka ndizi kwenye kizingiti, akavuta kanga kichwani, akateremka bila kuniaga. Sijui kama alinielewa au nilimuumiza. Nilitaka kumkimbilia. Nilibaki pale, na kwa mara ya kwanza nilikukasirikia, mama, kwa sababu uliwafungulia wote ukatuacha sisi.

Hasira imepungua leo, haijaisha. Pumzika. Wakikuambia huko kwamba mlango wako umefungwa, ni kweli, na aliyeufunga ni mimi.

Binti yako,
dada yake Nakunda